Kioo cha Chumvi

Ukimwambia Bi Mwalimu kwamba chai ni moto, alikuwa akikuuliza, "Moto kiasi gani?" Hakuwa akifanya mzaha, alikuwa akitaka jawabu. Ukisema moto sana, atakuuliza sana ndiyo kiasi gani. Ukisema moto wa kuunguza ulimi, hapo anaridhika kidogo, kwa kuwa ulimi angalau ni kitu cha kupimia. Miaka mitatu nimefanya kazi karibu naye, na sikuwahi kumsikia akitamka "nyingi" au "kidogo" akaachia hapo hapo.

Mimi si mtu wa kusoma. Skuli niliiacha darasa la tatu, na hilo limenitosha. Leo nina karakana mbili, moja Mkunazini na moja Kiembe Samaki njia ya uwanja wa ndege, na ukipita mjini ukaona mlango wenye misumari ya shaba inayong'aa mpaka unaweza kuchania ndevu, uliza nani kaitia. Watakutajia mimi. Madele ya kahawa, vinara, sahani za kunawia, vyote vimepita mkononi mwangu. Nasema haya mapema ili msomaji asifikiri namwandika mtu niliyemshangaa kwa ujinga wangu. Nimefanya kazi na wakubwa wengi, na wote nilipowapa kitu walikipokea. Yeye peke yake ndiye aliyenirudishia kazi mara kumi na moja.

Alikuja karakana mwaka wa pili au wa tatu baada ya Mapinduzi, amevaa buibui, nyuma yake shangazi yake amebeba ukili wake wa kusuka. Shangazi yule alikuwa hamwachi. Popote Bi Mwalimu alipofanya kazi na mafundi wanaume, shangazi alikaa mlangoni juu ya kibao akasuka mikeka, na kwa miaka ile mitatu nadhani alisuka mikeka ya kutosha kutandika msikiti mzima. Bi Mwalimu alikuwa akisomesha sayansi katika skuli moja ya wasichana. Alikuwa amesoma ng'ambo, akarudi. Watu walisema karudi na kiburi. Mimi nilichokiona karudi nacho ni daftari moja nene lenye jalada la kijani, na tabia ya kusema "sijui."

Hiyo tabia ilinishangaza kuliko yote. Mtu kasoma mpaka mwisho wa kusoma, na kwa siku moja unaweza kumsikia akisema "sijui" mara kumi. Unamuuliza kitu, anakuna kidevu, anakwambia, "Sijui, fundi. Ngoja nitazame." Mimi tangu nianze kazi sijamwambia mteja hata siku moja kwamba sijui. Fundi asiyejua nani atampa kazi? Basi tukawa hivyo: msomi asiyejua, na mimi nijuaye kila kitu.

Aliniwekea mezani kipande cha shaba cha mviringo, upana wake kama kisahani cha kahawa. Akataka nikifanye kioo cha kujitazamia. Nikamwambia njoo kesho. Nikakisugua kwa ndimu na majivu, nikakiosha, nikakisugua tena kwa ngozi, mpaka nikaona mdomoni mwangu meno yote na lile lililong'oka. Akaja, akakishika dirishani, akakielekeza kwenye ukingo wa ukuta wa jirani, akaniita nitazame. Ukingo ulionyooka ulionekana ndani ya shaba umepinda kama umelewa.

"Kinang'aa," akasema, "lakini hakikunyooka."

Nilikasirika. Nilimwambia wafalme wamejitazama kwenye kazi ya marehemu mwalimu wangu wa kufua shaba na hakuna aliyelalamika. Akanijibu kwamba wafalme walikuwa wakitazama nyuso zao. Kisha akanifundisha kusugua shaba juu ya bamba la kioo bapa kwa unga laini aliokuja nao, polepole, mkono ukizunguka hivi na kurudi hivi. Mara kumi na moja alirudisha. Ya kumi na mbili aliishika dirishani muda mrefu, halafu akaifunga ndani ya kitambaa, akaniwekea ya pili. Zilikuwa sita jumla.

Sasa nieleze alichokuwa akikitengeneza, kama alivyonieleza mwenyewe.

Unachukua bomba la kioo. Unanyonya hewa yake kwa pampu, na pampu yetu ilikuwa kompresa ya friji bovu. Unaingiza kidogo hewa ya soda, ile ile inayotoa povu kwenye chupa, tuliyoipata kiwandani. Unaichanganya na hewa hii tunayovuta, na kidogo ya hewa nyengine inayoitwa heli, ambayo alikuwa na mtungi wake mmoja tu alioachiwa na mhandisi wa kigeni aliyekuwa akirudi kwao. Kisha unapitisha umeme mkali. Bomba linawaka rangi ya juisi ya zambarau. Kila mwisho wa bomba kuna kioo cha shaba, vinatazamana, na mwale unakwenda na kurudi baina yao, kila safari ukiongezeka nguvu, mpaka unatoka kwenye tundu dogo kama punje ya choroko katikati ya kioo kimoja. Na mwale wenyewe hauonekani. Ile rangi ya zambarau siyo. Unaotoka jicho haliuoni, lakini weka mkono uone.

Mtaani mashine waliiita "taa ya Bi Mwalimu." Alikuwa hapendi. Taa, alisema, ni kitu cha kuonea.

Mashine kama ile ilikuwa ngeni duniani kote, na huko ng'ambo, alivyosema, zenye nguvu zilikuwa ndefu kama ukumbi, maana walikuwa wakitafuta nguvu kwa kurefusha bomba. Yeye alitaka nguvu ile ile ndani ya sanduku linaloweza kubebwa na mchukuzi mmoja. Nilimuuliza kwa nini ajitese. Akanijibu, "Kile kirefu ni cha mwenye jumba, fundi. Mimi nataka cha mwenye chumba." Alikuwa akifikiria hospitali ndogo, karakana ndogo, kisiwa kidogo. Alisema mwale ule utakata bati bila ya msumeno kuligusa, na iko siku daktari atakatia nyama na damu isitoke.

Shida zilikuwa mbili. Ya kwanza urefu, na hiyo aliimaliza kwa kukunja: mabomba matatu mafupi yamelala pamoja kama vidole, na mwale unageuzwa kwenye pembe kwa vioo vyangu, unakwenda, unarudi, unakwenda. Ya pili ilikuwa joto. Hewa ile ikipata moto inakuwa mvivu, mwale unafifia, na ukilibana bomba kwenye sanduku joto linazidi. Hapo ndipo lilipokuwa daftari la kijani. Kurasa na kurasa za hesabu, hewa iingie kwa kasi gani, itoke kwa kasi gani, maji ya kupoza yazunguke kiasi gani. Mimi alinieleza kwa lugha yangu.

"Wageni wa maulidi," alisema. "Anaingia, anakula, anatoka, mwengine anakaa pahala pake. Asikae mtu akalala."

Usidhani alikuwa malaika. Mwanamke aliyepima unene wa unywele alikuwa hawezi kupika wali. Shangazi yake alikula wali wake wa chumvi tupu Ramadhani moja mpaka akaapa kurudi kwao Tumbatu. Viatu alivivua popote na kuondoka na vya mtu mwengine. Mara mbili alirudi kwake na makubadhi yangu, na mimi nikabaki na vile vyake visivyoingia hata vidole. Alishika nyaya za umeme ambazo mimi nilizipita mbali, lakini akiona mjusi alipanda juu ya kiti. Tena alikuwa mgumu wa kusifu. Nilipomletea bomba la maji nililolipinda mwenyewe bila ya kulipasua, kazi ambayo hakuna mwengine mjini angeiweza, alisema, "Linatosha." Shangazi mlangoni akacheka mpaka ukili ukamponyoka.

Chumba alichofanyia kazi kilikuwa cha chini, katika nyumba ya serikali. Alipewa kwa maneno tu, si kwa barua. Na hapa ndipo jambo lenyewe lilipokuwa. Wakubwa walimwambia watakuja kutazama. Wakiona kitu kinafanya kazi, chumba kitabaki chake, vifaa vitaagizwa, na wanafunzi wake wawili watapelekwa kusoma. Wasipoona, chumba kinachukuliwa na yeye atarudi kwenye chaki. Maisha yake yote aliyoyataka yalikuwa yamekaa juu ya asubuhi moja.

Wiki moja kabla tulijaribu. Aliweka tofali la jiko mbele ya tundu, akawasha. Zambarau ikajaa mabombani. Sikuona kitu kikitoka. Nikaanza kumhurumia. Halafu katikati ya tofali pakatokea nukta nyekundu, ikawa ya manjano, ikawa nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho, na tofali likaanza kutoa sauti kama kitu kinachokaangwa. Tulikuwa sisi watatu tu. Bi Mwalimu alizima, akaandika daftarini.

Kile kilichoziba tundu, pale mwale unapotokea, kilikuwa kijibamba kimoja kilicho angavu. Alikuwa nacho kimoja tu. Alikiweka ndani ya kopo la maziwa pamoja na mchele uliokaangwa, na kikiwa kwenye mashine alikiwashia balbu karibu yake mchana kutwa. Siku aliyonionyesha alisema ni kioo cha chumvi, na akaanza kunieleza kwa nini. Nikamkata kauli. Nilimwambia, "Najua, Bi Mwalimu, najua." Nilikuwa nimemfanyia vioo sita, nimevisugua kwa ndimu na kuviosha kwa maji mara zisizohesabika, nani wa kunisomesha kioo? Nilidhani chumvi ni jina tu, kama tunavyosema jiwe la manga hata likitoka hapa hapa kisiwani. Alinitazama, akaona mtu anayejua, akaendelea na kazi yake.

Siku ya wageni nilijitwika mimi mapokezi. Watu wakubwa hawapokewi mikono mitupu. Nilileta kahawa kwenye dele langu bora, halua, chetezo cha udi, na mrashi wangu wa shaba wenye shingo ndefu, kazi ya mkono wangu, umejaa marashi ya waridi. Bi Mwalimu alisema moshi wa udi usiingie chumbani. Nikatii, chetezo nikakiacha nje kwa shangazi. Marashi hakuyataja, kwa kuwa hayakumpita akilini.

Wakaja wakubwa watatu. Mmoja wao, aliyekuwa akiongoza, alikuwa mtu wa maneno machache na wengine wawili walikuwa wakimtazama yeye kwanza kabla ya kucheka. Bi Mwalimu akaeleza. Nikapita na mrashi, nikawarashia viganja, mmoja mmoja, wakajipaka nyusoni wakasema mashallah. Mkuu wao akausifu mrashi. Hapo kichwa kikanijaa. Nikaona aibu kuwarashia wageni na kuiacha mashine kavu. Nikasema Bismillahi, nikaitikisa shingo ya mrashi mara tatu juu ya sanduku, kwa baraka. Matone yakaangukia vioo, mabomba, na pale kwenye tundu.

Bi Mwalimu alikuwa ameshashika swichi. Alitulia. Nilimwona anatulia, nikadhani anasoma dua. Kisha akawasha.

Zambarau ikajaa. Tukangoja nukta. Ikasikika sauti ndogo, kama ukucha unaovunjika. Zambarau ikaanza kufifia, ikajivuta mpaka ikawa uzi, ikazimika. Kompresa ikawa inakoroma peke yake. Tofali lilikuwa baridi. Mmoja wa wageni aliligusa kwa kidole.

Mkuu akauliza, kwa sauti ya chini, "Kumetokea nini? Nani kakosea?"

Kwa wasiokuwapo miaka ile, suali kama lile halikuwa jepesi. Kitu cha serikali kikiharibika mbele ya wakubwa, kulikuwa na neno moja likitafuta mtu wa kumkalia, nalo ni hujuma. Mtu alikuwa akilisikia neno hilo likitajwa karibu na jina lake, anawaaga watoto.

"Mimi," akasema Bi Mwalimu. "Hesabu zangu zilikuwa na makosa."

"Hesabu tu?"

"Hesabu tu, bwana. Mafundi wamefanya kazi yao sawa sawa."

Wakaondoka. Chumba kikafungwa, baada ya mwezi kikatiwa magunia. Yeye akahamishiwa skuli ya Matemwe, kule kaskazini, asomeshe watoto hesabu na afya. Alikuja karakana kuniaga, akaniachia ule unga laini. Aliniambia, "Umejifunza kunyoosha, fundi. Usirudi kwenye kung'arisha." Sikumwelewa. Nilimwambia nilikuwa nikijua kunyoosha tangu zamani.

Sasa niseme la kuona haya. Kwa miaka mitatu, barazani, kila lilipozuka la taa ya Bi Mwalimu, mimi ndiye niliyehadithia. Nilisema vioo vilikuwa vya ajabu, vioo vyangu, na mashine ilikuwa karibu ifanye kazi, lakini hesabu za Bi Mwalimu zilimpiga chenga. Nilisema hivyo kwa sababu yeye mwenyewe alikwisha sema, na sikuwa na sababu ya kutomwamini. Watu wakacheka. Ikawa msemo mtaani: mtu akikosea chenji dukani, wanamwambia kapiga hesabu za Bi Mwalimu. Msemo ule niliuanzisha mimi, na nilikuwa nikijivunia.

Mwaka juzi nilikwenda kumtazama shangazi yake, aliyebaki mjini, amelala anaumwa na miguu. Nikamchekesha kwa hadithi zile zile. Hakucheka.

"Hivi wewe hujajua mpaka leo?" akaniuliza.

"Sijajua nini, Bi Mkubwa?"

"Kile kioo kilikuwa chumvi, mwanangu. Chumvi hii ya chunguni, imesuguliwa. Umeimwagia maji."

Nikamwambia haiwezekani. Akanieleza polepole, kama anavyoelezwa mtoto. Mwale ule haupiti kwenye kioo cha kawaida, unapita kwenye chumvi. Chumvi ikilowa inapofuka, na mwale ukiyakuta maji unayachemsha papo hapo, kijibamba kinapasuka, hewa inaingia, kila kitu kinazimika.

"Bi Mwalimu aliona?" nikauliza.

"Aliona matone yakianguka. Alijua kabla hajawasha."

"Basi kwa nini aliwasha?"

Shangazi akanitazama kwa huruma. "Angesimama akasema fundi kaimwagia maji mashine, wewe leo ungekuwa wapi?"

Nilitoka pale nikatembea mpaka Darajani bila ya kujua nakwenda wapi. Siku ya pili nikapanda gari ya shamba.

Matemwe nilimkuta amezeeka kidogo usoni, buibui lake limepauka kwa jua, mkononi chaki. Nikampa salamu kutoka nje ya dirisha la darasa. Akasema, "Karibu, fundi. Nina kipindi."

Nikamwambia nina neno nataka kumwambia faraghani. Akauliza ni refu kiasi gani. Nikasema fupi. Akasema basi niingie nilisemee ndani, kwa kuwa hawezi kuliacha darasa, na hapo nikafahamu kwamba alikwisha jua nimekuja kwa nini. Huenda shangazi alituma salamu mbele yangu. Sikumuuliza.

Watoto walikuwa wamekaa sakafuni juu ya mikeka, thelathini hivi, wasichana wengi, wakainuka wote wakaniamkia. Bi Mwalimu akawaambia, "Huyu ndiye fundi aliyenitengenezea vioo sita. Hakuna kisiwani aliyeweza ila yeye."

Sifa kutoka kwake nilikuwa nimeingoja miaka. Ilinichoma.

Msichana mmoja wa mbele, mwembamba, akanyanyua mkono. Akasema baba yake huuza samaki mjini, na huko amesikia kwamba Mwalimu alitengeneza taa ikamshinda kwa sababu hakujua hesabu. Wengine wakainamisha vichwa, wameona aibu kwa niaba yake. Bi Mwalimu hakumkemea. Alinigeukia mimi, akangoja, kama alivyokuwa akingoja nikimletea shaba.

Nimezungumza mbele za watu wengi, harusini, misibani, mikutanoni, na sijawahi kutafuta maneno. Pale nilitafuta. Nikawaambia kwamba mashine ilifanya kazi, nililiona tofali likiwaka kwa macho yangu. Kwamba siku ya wageni niliimwagia marashi. Kwamba niliwahi kuanza kuelezwa kioo kile ni nini, nikasema najua, na nilikuwa sijui. Kwamba Mwalimu wao aliona, akanyamaza, akajitia yeye makosani ili mimi nirudi nyumbani kwangu. Na maneno anayoyasikia baba yake huyu mtoto mjini nimeyasema mimi.

Yule mwembamba bado alikuwa hajashusha mkono.

"Kwa hivyo hesabu za Mwalimu," akauliza, "zilikuwa na makosa wapi?"

"Hazikuwa na makosa," nikasema. "Pahala popote. Zilikuwa sawa zote."

Akashusha mkono, akachukua kalamu yake ya risasi, akaandika. Na wenzake wakaandika, vichwa vimeinama juu ya madaftari yao, thelathini kwa pamoja. Nikamtazama Bi Mwalimu nijue kama imetosha. Alikuwa ametupa mgongo. Alikuwa akifuta ubao, kwa nguvu, kutoka juu mpaka chini, na ubao haukuwa na kitu.